Gitaa Upande Huu, Mama Mkwe Upande Ule

Kila kijana anayekuja kwangu Bombambili kujifunza kazi ya video huanza na swali lile lile: Mama Gaude, ulitumia kamera gani? Shikamoo yenyewe anaitupa haraka haraka ili afike kwenye kamera. Leo nitawajibu na ambayo hamkuuliza, na mtanivumilia. Nimestaafu, na mstaafu akishaanza kusema haangalii saa.

Kamera, ili tulimalize hilo, ilikuwa ile ile niliyopigia harusi zenu na za mama zenu. Nimepiga harusi, vipaimara, jubilei za mapadre na mazishi, kuanzia Msamala hadi Madaba, na wengi wenu mnaonisoma niliwapiga mkiwa mmebebwa mgongoni. Vijana walipoanza kupiga harusi kwa simu, nikaona soko linaniaga. Badala ya kwenda kulima kama wenzangu, nikaanzisha kitu ambacho hakuna aliyekiomba: vipindi vya video kuhusu wazee wa kwetu waliopiga muziki wa roki. Ndiyo, roki, magitaa yanayonguruma. Mnacheka kwa sababu mnadhani babu zenu walizaliwa wakiwa wazee.

Wanaume wengi wa huku walikwenda kwenye migodi ya shaba Zambia. Walirudi na baiskeli, na cherehani, na makoti. Otmari Nyoni, ambaye alikulia huko kwa sababu baba yake alikuwa mchimbaji, alirudi na gitaa la umeme na kiboksi cha kukanyaga kwa mguu, kile kinachofanya sauti ya gitaa ikwaruze kama imechanika. Akaunda bendi, akaiita Radi ya Matogoro. Siku ya kwanza walipiga kwenye ukumbi wa parokia, na padre aliyewawashia jenereta alipousikia ule mkwaruzo akamtuma fundi aende kuangalia spika imepasuka wapi. Fundi alikuwa mtu wa bidii. Alifuata waya mmoja mmoja, akakiona kile kiboksi, akakichomoa. Radi ya Matogoro wakapiga onyesho lao la kwanza kwa sauti safi kabisa, na Otmari alinuna mpaka wiki ile ikaisha.

Mwimbaji wake alikuwa Skolastika Kapinga, binti wa Lizaboni, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto na mtu huyo akaitika. Walitunga wenyewe, nyimbo za Kingoni na za Kiswahili. Hakuna hata wimbo mmoja uliorekodiwa, maana studio zilikuwa Dar es Salaam, na Dar es Salaam wakati ule kutoka kwetu ilikuwa safari ya kuaga ndugu. Bendi ilipovunjika, nyimbo zikabaki mahali pawili tu: kwenye vidole vya Otmari na kwenye koo la Skolastika. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Kabla sijaendelea, kazi kidogo, maana sikuwaita kupiga soga tu. Picha mbaya mtu ataivumilia, sauti mbaya haivumilii. Na Songea adui yenu mkubwa ni bati. Asubuhi bati limelala. Jua likipanda linaanza kutanuka na kulia, na mzee wako anayesimulia kifo cha rafiki yake anasikika kama anasimulia pembeni ya sufuria la bisi. Rekodini asubuhi. Kuku msiwafukuze, watapiga kelele zaidi. Wamwagieni chakula nyuma ya nyumba. Kinasa sauti kivisheni soksi ili upepo wa Julai usikipulize, na iwe soksi safi, kwa sababu kuna mmoja wenu alinirudishia kinasa sauti changu kikinuka mpaka mzee tuliyekuwa tunamhoji akageuza uso.

Chumba kitupu nacho kinarudisha sauti kama kanisa. Wengine hutundika mablanketi, wengine magodoro. Mimi studio bora niliyowahi kuipata ni ghala la mdogo wangu Kasiani kule Maposeni, baada ya mavuno. Gunia lililojaa mahindi halirudishi kitu. Ukizungukwa na magunia, hata kukohoa kwako kunasikika kwa heshima. Mpiga besi wa Radi, ambaye siku hizi ni mwinjilisti, nilimhoji mle ndani, akasema sauti yake haijawahi kuwa nzuri hivyo hata madhabahuni.

Sasa nikafikia kipindi cha Otmari na Skolastika, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama.

Kwa Otmari nilikwenda mara nyingi. Alikuwa mgane kwa muda mrefu, kisha akaoa tena ukubwani, mwanamke mtulivu anayeitwa Tekla. Tekla aliniletea chai na viazi kila nilipofika, nami nikala, nikanywa, nikamuuliza mumewe habari za nyuzi za gitaa, za jenereta, za viatu walivyovaa jukwaani. Skolastika naye nilimhoji kwake Lizaboni, peke yake, akanicheka kwa maswali yangu. Nilimuuliza kama ujanani yeye na Otmari waliwahi kupendana. Alisema alikuwa akiimba na kubeba vyombo, nafasi ya kupendana angeipata wapi.

Basi nikawaalika wote wawili nyumbani kwangu bila kumwambia yeyote kwamba mwenzake anakuja, nikapanga viti viwili pamoja, karibu karibu, ili waenee kwenye picha. Otmari alifika mapema, akaanza kukaza nyuzi. Skolastika akapiga hodi. Otmari alipoisikia ile sauti aliliweka gitaa sakafuni taratibu, akanyanyuka, akapita jikoni kwangu, na nilipomfuata nikamkuta nyuma ya nyumba, amesimama kwenye migomba, amenipa mgongo. Nikarudi mbele. Skolastika alikuwa bado mlangoni. Ameliona gitaa, amevuta khanga mpaka puani.

"Gaude," akaniambia, "umeniita aliko mkwe wangu?"

Tekla alikuwa binti yake. Miezi yote ile nilikula viazi vya Tekla nisimuulize ni mtoto wa nani. Kwetu huku hilo ndilo swali la kwanza, hata muuza nyanya sokoni anakuuliza. Mimi nilikuwa nimejaa magitaa kichwani.

Nyie siku hizi mnakula na wakwe zenu meza moja na kutumiana vichekesho kwenye simu. Kwa wazee hawa, mkwe mwanamume na mama mkwe wake hawaangaliani usoni wala hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Wakiwa na neno la kuambiana wanalipitisha kwa mtu wa tatu, hata kama kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri. Usidhani ni uadui. Ni heshima, na mzee wa kwetu atakubali kudharauliwa na serikali yote kuliko kumvunjia heshima mama mkwe. Kwa hiyo watu wawili waliokuwa wakiimbia kipaza sauti kimoja ujanani, kwa miaka yote tangu Otmari alipopeleka posa, hawajawahi kuonana uso kwa uso.

Najua mnachotaka kusema. Si ungemrekodi kila mmoja peke yake, kisha ukaunganisha? Nilijaribu. Nilimrekodi Otmari, akapotea katikati ya wimbo. Akanieleza kwamba nyimbo zile hazikuwa na hesabu. Alikuwa anasikiliza Skolastika anavuta pumzi, ndipo anabadilisha. Bila ile pumzi hajui aende wapi. Basi nikampelekea Skolastika rekodi ya gitaa lile lililopotea, nikamvisha vipokea sauti masikioni aimbe juu yake. Akavivua kabla hajafika mbali. Akasema huyo anapiga kama mtu asiyemsikia mwenzake, na ni kweli hakumsikia.

Ningeweza kuliacha hapo, ningeandika kwenye skrini kwamba nyimbo zimepotea, watu wangesikitika kidogo, wakaendelea kutazama mambo mengine. Lakini Otmari alikuwa na kisukari, na kidonda kilikuwa kimeingia kwenye vidole vya mkono wa kushoto, mkono unaobana nyuzi. Tekla alinipigia simu siku moja. Hospitali ya misheni wamemwambia aje Jumatatu wamkate. Vidole viwili kwa hakika, pengine na zaidi, watajua wakishafungua. Niwaambie mapema ili msikae roho juu kwa ajili ya mkono: waliishia kwenye vidole viwili. Leo Mzee Otmari anashika kikombe na anashika jembe. Gitaa hapana.

Lakini siku ile Tekla aliponipigia, tulikuwa hatujui. Nikapanda bodaboda mpaka Lizaboni, nikapiga magoti mbele ya Bibi Skolastika. Nikamwambia nitajenga ukuta. Ghala la Kasiani limejaa. Nitapanga magunia katikati, safu juu ya safu, kupita kichwa cha mtu aliyeketi. Mkwe ataingia kwa mlango wa nyuma, akae upande wake na gitaa lake. Yeye ataingia kwa mlango wa mbele. Tekla atakaa mwisho wa ukuta, mahali anapowaona wote wawili, awe mpitisha maneno. Hawataonana, lakini pumzi zitasikika.

Skolastika akaniuliza kitu ambacho mimi, fundi wa kamera maisha yangu yote, sikuwa nimekifikiria. Aliuliza, na kwenye hiyo video, mkwe hataniona?

Ndipo nikala kiapo. Kamera mbili, kila moja upande wake, na hata siku moja sitawaweka kwenye picha moja. Nakala ya kwake haitakuwa na sura ya mkwe, na nakala ya kwa mkwe haitakuwa na sura yake. Akakubali. Otmari nilipompelekea habari alikubali kwa kichwa tu, akaanza kutafuta kile kiboksi chake cha kukwaruza.

Jumamosi asubuhi tulikuwa Maposeni. Nilijenga ukuta ule na Kasiani mpaka mgongo ukagoma. Na niwaambie, kwa kazi ya sauti ulikuwa bora kuliko nilivyotarajia. Gitaa lile linanguruma. Bila kizuizi lingemeza sauti ya mama mzee yeyote. Lakini mahindi yalilipunguza, likafika upande wa pili likiwa limeiva, na kinasa sauti cha Skolastika kikampata yeye tu. Kasiani alikuwa ameshayauza mahindi, lori lilikuwa lije jioni, kwa hiyo tulikuwa na muda. Akaenda zake mjini.

Wimbo wa kwanza ulikwenda. Wa pili ulikwenda, ingawa Otmari alikuwa anauma meno. Bandeji kwenye vidole vyake ilishaanza kubadilika rangi. Anabana nyuzi kwa vidole vizima, na vile vibovu amevikunja pembeni, lakini kuna mahali panadai vidole vyote, na akifika hapo namwona anafumba macho. Tekla alikuwa anamwangalia mumewe, kisha anamwangalia mama yake, akitikisa kichwa kwamba mambo ni mazuri. Moyo ulikuwa unanienda mbio kiasi kwamba niliogopa vinasa sauti visije vikanisikia.

Ukabaki wimbo mmoja, ambao ndio hasa waliokuja kwa ajili yake. Otmari aliutunga kwa ajili ya baba yake aliyefukiwa na mgodi. Hakukuwa na mwili wa kuzika. Ndugu walikaa matanga bila kaburi, na miaka kadhaa baadaye Otmari akatunga wimbo, Skolastika akauimba mara ya kwanza mbele ya mama yake Otmari, na huyo mama akasema sasa nimemzika. Mnaelewa sasa kwa nini nilipiga magoti.

Ndipo lori likaja.

Lilikuja asubuhi badala ya jioni. Likaingia uani likinguruma, na wapakiaji wakaruka. Kiongozi wao alikuwa mtu mnene wa Namtumbo anayeitwa Rashidi, mpole wa maneno lakini mwenye haraka. Nikatoka nje nikamweleza kwamba tunarekodi. Akasema anatusikitikia, lakini dereva anataka kuwa ameipita Madaba kabla ya giza, na tajiri wa mahindi si mtu wa kubembelezwa kwa simu. Nikapiga simu kwa Kasiani, haipatikani. Tukaelewana hivi: wachukue magunia yaliyoegemea ukuta wa ghala lenyewe, kule nyuma, polepole, bila kusema. Ya katikati wasiguse mpaka niwaambie. Rashidi akasema inshallah.

Hapa mnisikilize vizuri nyie mnaopenda kuvaa vipokea sauti na kuangalia kioo cha kamera. Ukishavaa hivyo vitu umekuwa kipofu na kiziwi wa mambo mengine yote. Skolastika alianza kuimba. Nilikuwa nimeinama kwenye kamera yake, uso wake umejaa kioo kizima, machozi yananilenga, na sikuona kwamba wapakiaji wawili waliochelewa kushuka, ambao hawakusikia makubaliano, waliingia kwa mlango wa mbele wakakuta ukuta mzuri uliopangwa vizuri, karibu kabisa na mlango. Mbeba mizigo akiona hivyo anamshukuru Mungu. Wakaanza kuubeba kuanzia juu, Skolastika akiwa amefumba macho kwa kuimba na Tekla amejiinamia.

Sauti ya Skolastika ikakatika katikati ya neno. Nikainua kichwa. Juu ya magunia, mahali palipokuwa na ukuta, palikuwa na kofia ya Otmari. Yeye aliendelea kupiga kidogo, akisubiri ile pumzi, haikuja, akainua macho. Sijui aliona nini. Khanga tu, nadhani, maana mama wa watu alishajifunika kichwa chote. Otmari aliweka gitaa chini likiwa bado linanguruma lenyewe, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Nikamkuta nje amekielekea kiambaza cha ghala, paji la uso karibu liguse matofali, mkono wa kushoto ameuinua kifuani na damu imepita kwenye bandeji. Alirudia neno moja tu, kwamba amemwona mama, amemwona mama. Ndani nako Skolastika kutoka chini ya khanga ananiambia nimpeleke nyumbani. Tekla amesimama katikati hajui aende kwa mume au kwa mama, analia bila sauti. Nilishika kichwa. Nilikuwa nimewaahidi watu wazima wawili kitu kimoja tu, na nilikuwa nimewavua nguo mbele ya makuli. Hasira zikanipanda, nikamgeukia Rashidi aliyekuja kuuliza kama yule mzee ukutani ni mgonjwa.

"Huyo ni mkwe," nikamwambia. "Mle ndani ni mama mkwe wake. Na watu wako wameubeba ukuta wao."

Sikumweleza habari za muziki, wala za hospitali. Sikuwa na pumzi hiyo. Rashidi alimtazama Otmari, akatazama mlango wa ghala, akasema astaghafirullah, akavua kofia yake. Kisha akaenda kwenye lori, akawaambia vijana wake washushe. Wakadhani wamesikia vibaya. Akasema magunia yote ya katikati yarudi yalikotoka, sasa hivi, na atakayechungulia ndani atatembea kwa miguu mpaka Namtumbo. Dereva akatoa kichwa dirishani kuanza kulalamika.

"Dereva," Rashidi akamwambia, "mimi mama mkwe wangu yuko hai. Nikimwona kwa mbali nashuka kwenye baiskeli. Wewe subiri."

Nimepiga video za mapokezi ya maaskofu na za waheshimiwa wakikata utepe. Sijawahi kuona kitu kama wale vijana wakiingia kinyumenyume, magunia mabegani, macho chini, wakipanga ukuta kwa kupapasa. Waliupandisha kuliko mwanzo. Hakuna aliyeambiwa aupandishe.

Bado hatukuwa tumepona. Otmari alirudi kwenye kiti chake, lakini Skolastika alikuwa amekaa bila kufunua kichwa, na jua lilikuwa linapanda. Bati likaanza kulia, mara moja, kisha kimya, kisha mara mbili. Nilijua tukikawia tutarekodi bisi. Lakini mtu wa namna ile humharakishi. Nikasimama tu karibu na kamera yangu.

Mwishowe Skolastika akasema, akimtazama binti yake, "Mwambie mkwe, kama mkono unamuuma, tuache."

Tekla akageuza kichwa upande wa pili na kulifikisha, neno kwa neno. Otmari akalipakata gitaa.

"Mwambie mama, Jumatatu wataukata. Leo bado ni wangu."

Tekla hakuweza kulisema lote. Alianza, akafika kwenye Jumatatu, sauti ikamwishia. Mama yake akamwonyesha kwa mkono kwamba basi, imetosha. Akateremsha khanga mabegani, akakaa sawa, akavuta pumzi. Na upande wa pili gitaa likaingia pale pale, kabla hajatoa hata neno, kama watu waliopiga pamoja jana yake.

Sitawaeleza wimbo. Upo, mtausikiliza. Nitawaeleza tu msichokiona kwenye video. Nje dereva alizima injini bila kuambiwa. Wapakiaji walichuchumaa uani na hakuna aliyewasha sigara. Palipodai vidole vyote, Otmari hakufumba macho wala hakukunja vile vibovu. Alivikunjua vyote vinne akabana, na mkwaruzo mnaousikia hapo, ambao mmoja wenu aliniandikia kwamba ni kasoro ya waya, haukutoka kwenye kiboksi wala kwenye waya. Ni bandeji inasuguana na nyuzi. Nilimwona Tekla ameshika gunia kwa mikono miwili. Mimi mwenyewe nililia, na silioni la kuona haya. Nililia kwa mdomo wazi, ili pua isifanye kelele.

Wakamaliza.

Sasa kuna jambo moja la kazi ambalo ni lazima mlijue. Mzungumzaji akimaliza, au mwimbaji, usizime. Acha mashine iendelee, watu wote wakae kimya, urekodi ukimya wa chumba chenyewe, maana kila chumba kina ukimya wake na utauhitaji wakati wa kuunganisha. Kwa hiyo nilikuwa nimeinua mkono kuwazuia wote wasiseme, na kwa muda mrefu hakuna aliyesema. Gitaa lilinguruma kidogo, likaisha. Bati likalia mara moja.

Kisha Skolastika, bila kujali mkono wangu, akamgeukia binti yake.

"Mwambie mkwe, wimbo sasa umepata pa kukaa. Aende akatibiwe kwa amani."

Tekla akafuta uso kwa ncha ya khanga, akageukia upande wa pili, akafungua mdomo kulifikisha, kama ilivyo desturi, ingawa sote mle ndani tulikuwa tumelisikia.

"Nimesikia, mama," akasema Otmari.

Neno hilo lilipita juu ya magunia, moja kwa moja, bila mtu wa tatu. Tekla alibaki mdomo wazi. Upande wa huku Skolastika hakujifunika. Aliinamisha kichwa kidogo, akaitika, "Haya, baba."

Vijana wengi wameniomba nikate hapo, wanasema wimbo umeshaisha na watu hawapendi video ndefu. Sikukata. Pichani unaonekana ukuta tu, magunia ya mahindi, na zile sauti mbili zinasikika.